Siku Niliyokataa Kupokewa Jeneza la Bakari

Mimi si mtu wa kusimulia mambo yangu, na hili nimelikalia kimya miaka mingi, lakini kila aliyekuwapo Msambweni siku ile analieleza anavyotaka yeye (wengine wamefika mpaka kusema kwamba maiti alianguka, na wallahi hakuanguka), basi bora mlisikie kwa mwenye aibu yake. Nilimwangusha mtu kwa bega kwenye maziko, kisha nikabaki nimesimama bila kikoi mbele ya jeneza la rafiki yangu niliyempenda kuliko wote.

Rafiki huyo alikuwa Bakari, beki wa timu yetu ya kiwanda cha sukari, na watu walimwita Kisiki kwa sababu ukimgonga ni wewe unayeumia. Mimi nilikuwa kipa. Naona mnavyokitazama kimo changu, na hata wakati ule nilikuwa mfupi hivi hivi, lakini mbele yangu alisimama Bakari na mpira haukunifikia, hata wangeweka mtungi golini tungeshinda.

Ukali ule hakuzaliwa nao. Kiwandani kulikuwa na Mzungu mmoja fundi wa mitambo, mtu wa Australia, pua imepinda na vidole havinyooki, ambaye kwao naye alikuwa beki, ila katika mpira wao wa namna nyingine, wenye umbo la yai, ambao kila mchezaji huudaka kwa mikono na kumgonga mwenzako bega si kosa. Alikuja na mpira wake huo mmoja, na king'ora cha jioni kikilia alikuwa akimwita Bakari uani wakagongana mabega mpaka sisi watazamaji tukaumwa. "Mpira utakuja wenyewe," alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe ona mtu." Uhuru ulipokuja akafunga mizigo akarudi kwao, bega akatuachia sisi.

Tangu Vanga hadi Likoni hapakuwa na winga asiyemjua Bakari. Marefa wenyewe walikuwa hawajui wapulize au wasipulize, maana mikono ameiweka chini na miguu hakuitumia, na mtu yuko chini analia. "Hapa hapiti mtu!" Bakari alikuwa akipiga kelele, nasi tukiitikia kama watoto wa chuo cha Kurani. Halafu wakaja vijana wa Mkwiro na winga wao Hamisi, mwembamba, mwepesi, akampita Bakari mara moja na watu wakacheka. Mara ya pili hakupita. Mguu ulilia kama muwa unaokatwa. Nasi (na mimi nikiwamo, sitajitoa) tulishangilia kabla hatujaelewa tulichokisikia.

Hamisi hakucheza tena. Bakari alicheza kidogo baada ya pale, kisha akaacha bila kusema kwa nini, na alipoanza kuugua tumbo, akawa ngozi na mifupa, aliniita akaniambia, "Omari, niletee Hamisi. Haki ya mtu Mungu hakusamehei mpaka mwenyewe akusamehe. Sitaki kwenda nayo."

Nikaenda hadi Shimoni, nikavuka hadi Mkwiro, nikamkuta barazani kwake na cherehani, anakanyaga kwa mguu mmoja.

"Karibu kipa," akasema baada ya kuitikia salamu yangu. "Kisiki amekutuma uchukue na huu wa pili?"

Nikampa ujumbe wote.

"Aje mwenyewe."

"Hawezi kutembea, ndugu yangu."

"Hata mimi," akasema, akarudi kushona.

Nilimpelekea Bakari maneno hayo kama yalivyo, maana sijui kupamba maneno. Akageukia ukutani. Juma lile halikwisha akafariki, inna lillahi, na mimi nikamchukia Hamisi chuki ambayo sikujua kama ninayo.

Siku ya maziko nilivaa kanzu fupi na kikoi, na ndani ya kikoi (msiniulize akili ilikuwa wapi) nilivaa ile bukta yangu ya zamani ya timu, nikiona ni namna yangu ya kumsindikiza. Tulipotoka msikitini baada ya kumsalia nikawahi mti wa mbele wa jeneza upande wa kulia. Sasa nyote mnajua desturi yetu: jeneza halina mwenyewe, unabeba hatua chache, mwenzio anakugusa, unampokeza, kila mtu apate thawabu, na maiti afike upesi akiwa amepita mabegani mwa wote. Mimi nikakata shauri kwamba sitapokewa. Nilijiambia kwamba yeye alinikinga miaka yote, nami nitambeba njia yote. Ni hilo tu, jambo dogo.

Ila wenzangu wote waliobeba walikuwa warefu. Jeneza likaenda limeinama upande wangu kama mtu anayenong'ona.

"Omari, pokeza," mtu akasema.

"Bado."

"Pokeza, yakhe, marehemu atatuteremkia!"

"Nimesema bado."

"Thawabu unataka uzibebe zote kwa gunia?" akasema Mzee Juma kutoka nyuma, na wengine wakameza vicheko katikati ya la ilaha illallah. Mimi jasho, bega linawaka, lakini sasa nimeshakuwa mkaidi, na mkaidi akishatazamwa na watu ndiyo kabisa.

Tulipoingia kijia kinachopita kando ya mashamba ya mpunga, mtu akanigusa bega. Nikatazama pembeni. Hamisi. Amevaa kanzu nyeupe ya pasi, anachechemea kwa nguvu ili aende sawa na sisi, anahema.

"Nipe, ndugu yangu," akasema. "Nami nimbeze kidogo" — hivyo ndivyo nilivyosikia mimi kwa chuki yangu, kwamba amekuja kumbeza. Yeye alikuwa amesema "nimbebe", ameomba kubeba tu kama wote.

Nikamwambia, "Hapa hapiti mtu." Na kabla sijajua ninafanya nini, mikono yote nimeshika mti, nikampa bega, lile lile la Bakari.

Alikwenda na mguu wake mbovu hadi ndani ya jaruba, akakaa kwenye tope. Nami nikateleza. Jeneza likayumba, shuka la juu likaburutika chini, watu wakapiga yowe, warefu wale (Mungu awalipe) wakalidaka jeneza na kulinyoosha, na nilipoinuka kikoi kilikuwa chini ya miguu ya watu na mimi nimesimama na bukta ya timu. Kijana mmoja alicheka. Baba yake akamzaba kofi, kisha na yeye akageuka pembeni, mabega yakimtikisika.

Hamisi hakucheka. Alijiinua polepole, tope hadi kifuani, akasema kwa sauti ya chini, "Sikuja kwa ubaya. Nilikuja kumbeba." Akasubiri kidogo, labda mtu amwite. Hakuna aliyemwita, wote walikuwa wameshaanza kutembea. Akageuka akarudi alikotoka.

Kaburini, shehe aliposema mwenye haki kwa ndugu yetu na amsamehe, watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa nikiisikiliza sauti moja ambayo haikuwamo.

Nyumbani kwa marehemu, mama yake, Bi Mwanasha, alikuwa akiningoja ukumbini. "Omari, nimeambiwa Hamisi alikuja. Alimsamehe mwanangu?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hakupata nafasi, mama. Nilimwangusha."

Alinitazama mpaka nikatamani anitukane. "Basi rudi Mkwiro," akasema.

Nikarudi. Hamisi alinisikiliza mpaka mwisho, sindano midomoni, kisha akaitoa. "Bakari nilimsamehe nilipopata habari ya msiba. Kamwambie mama yake alale. Lakini nilitaka nimbebe, Omari. Nilitaka watu wa Msambweni wanione nimembeba, na yeye, kama maiti husikia, asikie mguu wangu chini yake. Hilo utanipa wapi?"

Na mtu habebwi mara mbili.

Bi Mwanasha alilala. Mimi bado. Tangu siku ile sijakosa maziko hata ya nisiyemjua, na ninashika jeneza kama wengine, lakini nikihisi mkono wa mtu begani namwachia mti hapo hapo, kabla hata sijamtazama ni nani.