Kilo Ishirini na Mbili kwa Ajili ya Ndegwa

Saa moja kasorobo asubuhi, Mai Mahiu. Malori yamejipanga kando ya barabara, na Wariara Mathenge, mwenye umri wa miaka 42, anageuza chapati zake huku raba ziko miguuni tayari. Wateja wa kwanza wakishiba, atakimbia kilomita kumi kwenye barabara ya Narok.

"Mathe, leo unafukuzwa na nani?" dereva mmoja anamtania.

"Kunywa chai yako, boss," anajibu akicheka.

Miaka mitatu iliyopita kicheko kilikuwa adimu. Ugonjwa wa kurithi, unaojaza figo vifuko vya maji mpaka zishindwe kazi, ulikuwa umemuua mama yake Wariara. Kisha ukamshika mdogo wake, Ndegwa, fundi wa magurudumu. Mara mbili kwa wiki alisafiri Nakuru kusafishwa damu kwa mashine, saa nne kila mara.

"Alikuwa akirudi hata kiatu hawezi kuvua," Wariara anasema. "Nikamwambia, chukua yangu moja."

Ilibidi kwanza yeye mwenyewe apigwe picha ya figo, ionekane kama naye ameurithi ugonjwa. Figo zake zilikuwa safi. Alilia kwa furaha, lakini daktari hakuwa amemaliza: alikuwa na kilo 94 na presha ilikuwa juu. Asipopungua, hawezi kumtolea mtu figo.

"Nilitoka pale na hasira. Figo ninayo, na kinachonizuia ni mwili wangu mwenyewe!"

Kesho yake akaanza kukimbia. Cherono, mwalimu wa shule ya jirani aliyewahi kushindana mbio ndefu, alimkuta ameinama kando ya barabara, akitweta.

"Pole pole, mama. Kimbia mpaka ile nguzo ya stima, halafu tembea mpaka nyingine."

Wiki ya kwanza nguzo tatu zilimshinda. Watu walicheka. Ndegwa alimsihi aache: "Wariara, utakufa kabla yangu."

Hakusikia la mtu. Baada ya miezi kumi na mmoja, mizani ilisoma kilo 72 na presha ilikuwa imetulia.

Upasuaji ulifanyika Machi mwaka jana. Alipozinduka, aliuliza jambo moja tu: inafanya kazi? Muuguzi akamwambia mkojo wa Ndegwa umeanza kutoka, tena mwingi.

"Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu hivyo," anasema, akipangusa macho kwa aproni.

Daktari alipomruhusu, alirudi barabarani. Novemba alimaliza kilomita 21 mjini Nakuru kwa saa mbili na dakika 38. Ndegwa alimshangilia mpaka sauti ikapotea.

Mwaka huu Wariara anataka kilomita 42. Kabla ya hapo atamsindikiza Jackie, binti ya Ndegwa anayetimiza miaka 18, kwenda kupimwa ugonjwa huo wa kurithi. "Hataenda peke yake," anasema.

Ndegwa naye amejiandikisha mbio za kilomita tano.

"Amenunua raba nyekundu," Wariara anasema. "Ameniambia nisimngoje."