Ng'ombe wa Bluu wa Njia Panda

Wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa kuingia kwetu, mimi nilikuwa msichana wa kuandika vibao. Kazi nilijifunzia Mwanza, na niliporudi Bariadi nilikuta kila mwenye duka anataka jina lake ukutani, tena kubwa kuliko la jirani. Baba yangu, mfugaji wa Mwandoya, hakuwahi kuiita kazi. Akiulizwa binti yake anafanya nini mjini, alijibu, "Anachafua kuta za watu."

Msimu mmoja akaja tajiri wa pamba, mgeni mkoani, akapata kibali cha kuweka sanamu katikati ya njia panda ili kampuni yake ijulikane. "Nataka ng'ombe," alimwambia fundi mwashi. "Mkubwa, aonekane toka mbali." Kupaka rangi nikapewa mimi: mwili bluu, nundu ya njano, pembe nyekundu, kama rangi za malori yake.

Yule fundi alikuwa hodari wa makaburi na matangi ya maji, lakini mnyama hakuwahi kumjenga. Basi akamleta ng'ombe wake wa maziwa, akamfunga pale pale, akawa anamtazama huku anakandika saruji juu ya nondo na waya. Alimfuata kwa uaminifu mno. Nami nilipofika chini ya tumbo nilipaka waridi, chuchu zote nne, kwa brashi ndogo.

Wiki zote hizo tajiri alikuwa safarini. Alirudi asubuhi ya uzinduzi, akaizunguka sanamu akitabasamu, akainama kuchungulia chini ya tumbo.

"Hiki nini?"

"Kiwele, bosi," fundi akajibu.

"Mimi nilitaka dume!"

"Ulisema ng'ombe."

"Hotuba yangu yote inasema dume! Kata hicho!"

Fundi akapiga tindo mara mbili. Ufa ukapanda mpaka ubavuni. Akaacha, akafuta jasho, akasema akipiga mara ya tatu tutazindua kifusi. Tajiri akanigeukia. "Funika." Nikachukua kitambaa cheupe cha meza ya wageni, nikamfunga yule ng'ombe kiunoni kama mama aliyejifunga khanga. Ufa nikaupaka bluu.

Siku hiyo ilikuwa ya mnada, na baba alikuwa akipitisha ng'ombe zake hapo. Alisimama pembeni ya umati, fimbo mabegani.

"Mwangaluka, baba," nikamsalimia.

Aliitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye sanamu. Kwetu ng'ombe huitwa kwa rangi yake, na baba anazijua rangi nyingi kuliko zilizokuwa kwenye makopo yangu. "Huyu mnamwitaje?" akauliza.

Tajiri akapanda kwenye meza, akaanza. "Mheshimiwa mgeni rasmi, dume hili ni alama ya nguvu. Dume hili halirudi nyuma..."

Dume la baba nalo halikurudi nyuma. Lilitoka kundini, likapita katikati ya viti, watu wakatawanyika, kwaya nayo ikakimbia. Likanusa mkia wa saruji, likafikiri kidogo, likapanda. Miguu ya mbele juu ya mgongo wa bluu, mbele ya wageni wote! Kitambaa kikafunguka, kikaanguka, na kazi yangu ya waridi ikabaki wazi juani.

Baba alifika mbio, akalishika dume pembe, akalishusha. Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni rasmi, ofisa wa wilaya, akajikaza asicheke. "Mzee, wewe ni mfugaji. Huyu ni dume au jike?"

Baba akavua kofia. "Mheshimiwa, mimi kusoma sijui. Lakini nzagamba wangu, dume langu hili, hajakosea hata siku moja."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tajiri alibaki juu ya meza, karatasi mkononi. Kisha akaikunja. "Basi ni jike," akasema. "Kampuni yetu itazaa!" Akapigiwa makofi mengi kuliko ambayo hotuba yote ingempatia.

Umati ulipopungua, baba alimzunguka ng'ombe wangu polepole, akashika shavu lake. "Rangi ni ya kichaa," akasema. "Ila macho umeyapatia." Akaswaga ng'ombe zake kwenda mnadani. Nilikaa kwenye msingi wa sanamu, brashi mkononi, nikalia kidogo, na mama mmoja muuza maziwa akanipa pole akidhani ni kwa sababu ya aibu.

Kampuni ile haikudumu. Wauza soda wakataka ng'ombe awe mwekundu, nikampaka. Wauza sabuni wakataka kijani, nikampaka pia. Barabara ilipopanuliwa ikaletwa mashine kumvunja. Fundi, mzee sasa, alikuja na kiti chake kutazama, na hadi leo anamsimulia kila anayemsikiliza kwamba ile mashine ilihangaika siku mbili.