Miiba ya Adamu, Utungu wa Hawa

Katika miaka ya hamsini tulikaa kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la mzungu, upande wa Kabazi, ambako pareto ilipandwa hadi ukingoni mwa msitu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama yangu alichuma maua ya pareto kama wanawake wengine, lakini kambini alijulikana zaidi kwa ukunga. Sijui alizalisha wanawake wangapi. Yeye mwenyewe hakuhesabu. Alisema kuhesabu watoto wa watu si vizuri.

Jumapili mchana tulikwenda pamoja darasa la ubatizo. Tulikutana katika banda la kukaushia pareto, maana siku hiyo moto ulizimwa. Mwalimu wetu wa dini alikuwa mfanyakazi wa banda hilo hilo siku za kazi, mtu mwembamba, mkali, mwenye koti moja jeusi. Alifundisha kwa Kiswahili kwa kuwa tulikuwa watu wa makabila mbalimbali. Mimi nilikuwa nimesoma miaka minne, kwa hiyo kazi ya kusoma Biblia kwa sauti ilikuwa yangu.

Siku niliposoma habari za Adamu na Hawa, mwalimu alinikatiza nilipofika kwenye yale maneno ya Mungu kwa mwanamke, kwamba atazaa kwa utungu. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Mmesikia?" akauliza, akitazama upande wa wanawake. "Hawa ndiye aliyeanza. Utungu ni hukumu yake, na ni hukumu yenu. Mtu anayempa mzazi dawa ya kuupunguza anashindana na Mungu."

Kila mtu alijua anamsema nani. Utungu wa mwanamke ukizidi, mama alimchemshia majani fulani ya msituni akamnywesha kidogo kidogo. Nilibaki na kitabu mkononi, uso ukiniwaka. Mimi ndiye niliyesoma, na nilihisi kama mimi ndiye niliyemshtaki mama yangu.

Mwalimu akamwambia wazi kwamba hatabatizwa mpaka aache yale majani.

"Nimesikia, Mwalimu," mama akajibu. Hakuacha.

Kesho yake shambani, jirani yetu Mkatoliki, aliyechuma mstari wa pili kutoka wetu, alikuwa ameshapata habari. "Kwetu padri anasema Eva, huyo Hawa wenu, alifunga mlango wa mbinguni na Maria akaufungua," akasema. "Mbona nyinyi mmebaki na Eva peke yake?"

"Na Adamu yuko wapi katika hadithi yenu?" mama akamuuliza.

"Adamu alikula akanyamaza."

Walicheka mpaka nyapara akawageukia. Mimi sikucheka. Kitabu kilikuwa kimoja, na sikuelewa kwa nini kila nyumba ya ibada ilimwona mwanamke yule kwa jicho lake.

Mvua za masika zilipokolea, mke wa mwalimu alishikwa na utungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mwalimu alikuja mwenyewe hadi mistarini, asubuhi, koti likiwa limelowa.

"Mama, njoo umsaidie," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini yale majani, hapana."

Tulikwenda sote wawili. Mama alimkanda mgongo kwa maji moto, mimi nikamshika mabega. Yule dada alinikamata mkono kwa nguvu hata kucha zake zikaacha alama. Kufikia saa nane mchana alikuwa amechoka kabisa, hata kulia hawezi. Mama akanyanyuka, akatoka nje. Nikamfuata na ndoo, nikijidai naenda kuteka maji.

Mwalimu alikuwa kwenye kipande chake cha mahindi kando ya nyumba, analima kwa haraka kama mtu anayefukuzwa.

"Mwalimu, unafanya nini?"

"Napalilia."

"Unang'oa nini?"

"Magugu, Mama. Na miiba." Hakuinua kichwa.

"Binti yangu alitusomea kwamba Mungu alimwambia Adamu ardhi itamzalia miiba. Hiyo nayo si hukumu?"

Jembe likasimama.

"Tangu nikujue," mama akasema, "sijakuona ukiiacha imee."

Mwalimu akaliweka jembe chini. Kutoka ndani tukasikia mkewe akimwita mama, sauti imekwisha. "Mpe," mwalimu akasema.

Majani hayakuondoa utungu wote. Yalimpa nafasi ya kupumua kati ya utungu mmoja na mwingine, basi, na nguvu zikamrudia. Jua lilikuwa bado halijazama alipojifungua msichana. Mwalimu alimpakata, mikono ikiwa bado na udongo.

Jumapili iliyofuata nilingoja akiri mbele ya darasa kwamba alikosea. Akafundisha habari za Nuhu. Nilirudi nyumbani na hasira, nikamwambia mama.

"Ameniachia njia," mama akasema. "Unataka na yeye alale hapo nimkanyage?"

Mchungaji alipokuja kutoka Nakuru kutupima kabla ya ubatizo, alimuuliza mama nani aliyeleta dhambi duniani.

"Walikuwa wawili, Mchungaji," mama akasema, "na wote walikula."

Mchungaji akamgeukia mwalimu. Mwalimu akajikohoza. "Ndivyo tulivyosoma," akasema.

Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati huo. Wengine husema Hawa alidanganywa na Adamu alijua. Wengine, kwamba amri alipewa Adamu kabla mke hajaumbwa, kwa hiyo makosa ni ya aliyeifikisha vibaya. Mimi nikisoma peke yangu hukaa zaidi pale Mungu anapowavika wote wawili mavazi ya ngozi kabla ya kuwatoa bustanini. Hakuwaacha watoke uchi.

Mama alibatizwa mtoni. Alipotoka nilimfunga shuka, nikamuuliza anajisikiaje.

"Baridi," akasema, akishika mkono wangu. "Twende, kuna mwanamke kule kambini siku zake zimetimia."