Msaliti Aliyetafuna Kahawa

Kaijage wa Buganguzi ni fundi seremala, mtu asiye na maneno mengi. Alipokuwa akitengeneza makabati kwenye nyumba ya wageni huko Bukoba, mgeni mmoja alimwachia boksi la mchezo wa mezani. Mwalimu Joviana, jirani yetu, akatusomea masharti: wachezaji wote wanalinda ngome dhidi ya mazimwi, halafu katikati ya mchezo kila mmoja anagawiwa kadi, na mmoja anageuka msaliti kwa siri.

Tuliucheza, hatukuupenda. Mimi nilisema wazi kwamba sina ngome na sijawahi kusumbuliwa na zimwi. Baadaye Kaijage akaja na ubao aliouchonga mwenyewe. Ngome imekuwa kibanja cha migomba. Mazimwi yamekuwa ugonjwa wa mnyauko, ngedere na mvua ya mawe. Kazi ya msaliti ni kung'oa milamula, ile miti tunayopanda kuonyesha mpaka.

Maoni hayakukosekana. Joviana alisema mvua ya mawe imezidi. Mzee Kahangwa, ambaye hucheza nasi akisinzia, alisema heri mazimwi, kwa sababu halijui hata moja, lakini wang'oa milamula anawajua kwa majina. Aliyasema hayo akitazama dari. Sote tulielewa. Kaijage na kaka yake Karugendo walikuwa hawatembeleani tangu mlamula wa mpaka wao uonekane umehamishwa, na Kaijage kusema mbele ya watu kwamba aliyeuhamisha ni kaka yake.

Basi Jumapili moja baada ya misa nikamkuta Karugendo amekaa barazani kwa Kaijage, amealikwa kucheza. Kaijage alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba amezipanga kadi, ya msaliti imfikie kaka yake, ili yeye amtazame mwenzake usoni akiificha, ajue ukweli wa mlamula. Nilimwambia huo ni ujinga. Bado nasema ni ujinga.

Ila mgeni ni mgeni. Kabla hatujaanza, Kaijage alipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, kwa mazoea tu, kama anavyompa yeyote anayeingia kwake; na kwetu aliyetafuna kahawa ya mtu hamtendei ubaya. Karugendo akachukua, akatafuna polepole.

Tukalinda kibanja vizuri. Zikagawiwa kadi. Karugendo aliitazama yake kwa muda, kisha akaiweka mezani, maandishi juu.

"Ni mimi," akasema.

"Waitu kaka, hiyo inafichwa," Kaijage akamsihi.

"Nimetafuna kahawa yako. Siwezi kukung'olea mlamula, hata huu wa kuchonga." Akaongeza: "Na ule wa kweli sikuugusa."

Joviana alisema masharti hayaruhusu msaliti kujitaja. Alikuwa sahihi, na hakuna aliyemsikiliza. Mimi nikajifanya nahesabu ngedere.

Kaijage alikuwa akitazama mikono yake.

"Kadi nilizipanga mimi," akasema.

"Najua," Karugendo akajibu. "Tangu utoto hujui kuchanganya karata."

Kaijage akainuka, akachukua kile kikapu, akakipeleka tena kwa kaka yake, safari hii kwa mikono miwili, amepiga goti. Karugendo akachukua punje, akatafuna, akauliza sasa ni zamu ya nani.