Amplifaya Nzito Kuliko Zote

Spika zangu mbili zilikuwa kubwa kama makabati, na redio ya nyumbani haikuziweza. Ukiongeza sauti, zinakoroma. Nikaenda Igoma kutafuta amplifaya. Muuzaji wa kwanza akaniambia niangalie wati. Wa pili akasema wati za kwenye boksi ni uongo mtupu, niangalie omu. Omu ndiyo nini? Akanieleza mpaka nikajuta kuuliza.

Basi nikafanya kama mama alivyokuwa akichagua samaki aina ya sato kwenye soko la mwaloni: nikaziinua amplifaya moja moja kwa mikono. Muuzaji wa tatu akafurahi. “Hapo umejua kuchagua, kaka. Yenye nguvu lazima iwe nzito.” Nikanunua nzito kuliko zote. Bajaji ikaniacha barabarani, nikapanda nayo mlima begani hadi kwangu Ilemela.

Spika zikakoroma vilevile. Kwa hasira nikachukua bisibisi, nikaifungua ile amplifaya. Ndani, pembeni ya transfoma ndogo kama kiberiti, kulikuwa na jiwe, limefungwa vizuri kabisa kwa waya.

Nikakaa kibarazani nikilitazama. Nyumba yangu imejengwa juu ya mawe, imezungukwa na mawe, na mimi nimetoka Igoma na jiwe begani.