Upanga wa Mhunzi na Michungwa ya Matombo

Baba alipopunguzwa kazini kiwandani alilipwa kiinua mgongo, na kila mtu nyumbani akawa na wazo kuhusu matumizi yake. Mama alitaka mashine ya kusaga. Wenzake baba waliopunguzwa pamoja naye walikuwa wananunua mashine za kusaga, na mtaa wetu pale Morogoro ulikuwa mbioni kuwa na mashine nyingi kuliko mahindi. Baba akasema yeye hafuati mkumbo. Alipanda basi kwenda Dar es Salaam, akarudi na televisheni ya rangi, akaiweka juu ya kabati la vyombo na kukaa mbele yake kila siku tangu asubuhi, kama mtu aliyeajiriwa upya. Mama alikaa siku kadhaa bila kusema naye.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, vituo vya televisheni vya watu binafsi vilipoanza kuja huku bara. Vilikuwa na saa nyingi za kujaza na havikuchagua sana cha kuzijazia. Kimoja kilianza kuonyesha katuni ya Wajapani kila Jumamosi jioni. Siku hizi vijana wanaziita anime na wanavaa fulana zake. Sisi tuliita katuni tu, na mimi, kidato cha pili, niliipenda mpaka nikawa kero.

Ilihusu Japani ya zamani, wakati wa watawala wenye majeshi na ngome. Kulikuwa na mzee mhunzi aliyekuwa akifua upanga mmoja tangu kipindi cha kwanza, na upanga haukuisha. Aliishi na vijana wawili. Mmoja alikuwa msichana, mtoto wa dada yake aliyefariki, hodari wa kupigana kupita askari wote wa mtawala. Mwingine alikuwa mwanawe wa kumzaa, kijana mnene asiyesema, ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta mivukuto ili moto usizime. Msichana alipigana, mzee aligonga chuma, mnene alivuta. Swali lilikuwa moja tu: upanga ukishakamilika, atapewa nani?

Mimi sikuwa na shaka, ni wa msichana. Tatizo ni kwamba sikuwa na mtu wa kumwambia. Shuleni waliniuliza kama bado nanyonya. Baba alikuwa akisinzia katuni inapoanza na kuamka taarifa ya habari inapoanza, kana kwamba amepangiwa zamu. Kupenda kitu peke yako kunachosha. Unabaki na maneno mdomoni, unayameza, na Jumamosi inayofuata yanaongezeka.

Ndipo akaja mjomba. Alikuwa mdogo wake mama, mkulima wa ndizi na kabichi kule Matombo, na ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, au lukolo kama wanavyouita ukoo wenyewe kule juu. Baadhi ya Jumamosi alishuka na lori la ndizi, akauza sokoni, akalala kwetu. Jioni moja alinikuta nimeikodolea macho televisheni, nikamwamkia bila kugeuka.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huyo msichana ni nani kwa huyo mzee?"

"Mtoto wa dada yake."

Mjomba aliweka kikombe chini. "Dada mwenyewe yuko wapi?"

"Alikufa."

"Basi mzee ana jukumu," alisema, akavuta kigoda.

Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja, hata zile ambazo hakuwa na ndizi za kuuza. Katuni ilikuwa imetiwa sauti za Kiingereza, na mimi nilimtafsiria kwa Kiingereza changu cha kidato cha pili. Nilipokwama, yeye aliendelea mwenyewe, na mara nyingi alipatia. Aliniuliza kama mambo hayo yalitokea kweli. Nikamweleza kwamba watawala wa namna ile walikuwepo na vita vilikuwepo, ila watu wenyewe wametungwa. Alifikiri kidogo, akasema kwamba hata watu wa ukoo wetu wa zamani majina yao hatuyajui, lakini mashamba yao tunalima. Kwake hiyo ikawa historia, na hakutaka mjadala tena.

Nilijaribu pia kumpeleka kwenye gemu. Karibu na stendi palikuwa na duka lenye televisheni na mashine ya kuchezea, ukilipa unapigana na rafiki yako kwa panga kwenye kioo. Nilimkabidhi mjomba kidude cha kubonyeza. Nilimwangusha mara ya kwanza, akakubali. Aliponiangusha mimi, aliacha kubonyeza, akasubiri mtu wangu anyanyuke. Nikamwambia hapo ndipo anatakiwa anikate. Alirudisha kidude kwa mwenye duka na kumwambia kwamba mchezo wake haukufundishwa adabu.

Sasa lazima niseme habari ya miti, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mjomba aliipenda katuni kiasi kile.

Kwa Waluguru wa kwetu shamba ni la ukoo, na ukoo hupitia kwa mama. Shamba la mjomba haliendi kwa mtoto wake, linarudi kwa mtoto wa dada yake. Mtoto wa kumzaa anaweza kulilima, anaweza kula humo mpaka azeeke, lakini anapanda mahindi, maharage, kabichi, vitu vya kuvuna na kuondoka. Hapandi mti, kwa sababu mti unakaa, na aliyepanda mti anaweza siku moja kusema kwamba na shamba ni lake. Mjomba alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, binamu yangu, aliyelima shamba lile tangu akiwa mdogo. Dada wa mjomba alikuwa mama yangu, na mtoto wa mama nilikuwa mimi. Kwa hiyo shamba lilikuwa langu. Jembe la pale nilikuwa nimelishika siku moja, napigwa picha.

Halafu kituo kikaikata katuni. Bila kuaga, Jumamosi moja wakaweka tamthilia ya mapenzi ambamo watu wote walikuwa wamevaa suti nyumbani. Mjomba alikaa mpaka mwisho, akidhani mhunzi atatokea. Wiki iliyofuata alikaa tena. Wiki ya tatu hakuja, na mimi nililia, jambo ambalo mama alilisimulia kwa majirani wote.

Matombo, hata hivyo, hawakujua kwamba katuni imekatwa. Mjomba alikuwa na desturi ya kuwasimulia watu kila Jumapili baada ya misa, nje ya kanisa, na alikuwa na wasikilizaji wengi kuliko katekista. Aliendelea kusimulia. Alimtungia mtawala vita vipya na kumtungia mzee maradhi ya kifua. Mwisho akaufikisha upanga: ukaenda kwa mtoto wa dada, kama inavyotakiwa. Watu waliridhika sana. Nilipanda kule likizo nikaulizwa na bibi mmoja nisiyemfahamu kama na mimi nimeusikia ushindi wa yule binti. Nilisema ndiyo. Nilikuwa nimefurahi kupita kiasi, kijiji kizima kilikuwa kinapenda kitu changu.

Mwaka mmoja binamu aliomba mbele ya kikao cha ukoo aruhusiwe kupanda michungwa. Si mingi, alisema, upande wa mteremko tu, ambako mvua inachukua udongo. Mama alikuwepo, yeye ndiye aliyenisimulia. Wazee walisita, maana kijana alikuwa mchapakazi na mteremko kweli ulikuwa unakwisha. Mjomba akasimama na kuwakumbusha kwamba hata Japani, kwenye watu wenye ngome na farasi, mtoto wa kumzaa alivuta mivukuto maisha yake yote na upanga haukuwa wake. Wazee wakaafiki kwa vichwa. Binamu alinyimwa kwa ushahidi wa katuni. Akarudi shambani, akapanda kabichi.

Mama alinisimulia akicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza kama mimi kweli nitakwenda kuishi Matombo. Nilimwambia shamba ni langu. Sikumjibu alichoniuliza, na wote wawili tulijua hivyo.

Miaka ikapita. Nikaanza kazi, na zikaingia zile sahani za VCD zinazopangwa chini kando ya barabara. Siku moja mjini, katikati ya filamu za ngumi, nikaona uso wa yule msichana. Nilipiga kelele mpaka muuzaji akashika mfuko wake. Ilikuwa katuni yote mpaka mwisho, kwa sauti za Kijapani na maandishi ya Kichina. Sikuiangalia. Iliniwasha kama upupu, lakini sikuiangalia, kwa sababu mtu wa kuangalia naye alikuwa Matombo.

Mjomba alipopata habari alitaka ionyeshwe kwa wote. Wamesikia, sasa waone. Paroko akatoa ukumbi, tukakodi jenereta, na Jumapili moja tukapanda, mimi, mama, televisheni na deki. Gari lilikwama kwenye tope kabla ya kufika. Binamu alikuja kutupokea, akajitwisha televisheni kichwani akatutangulia. Nilimsalimia, akaniitikia vizuri. Hakuwahi kunionyesha ubaya wowote, na mimi hilo lilinikera kwa kuwa sikujua pa kumshika.

Baada ya misa ukumbi ulijaa. Jenereta ilikuwa mbovu, ilihitaji mtu wa kukaa nayo nje, na bila kuulizana binamu akaenda kukaa nayo. Mjomba alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatafsiri. Hakujua neno la Kijapani. Tulianza na sahani za mwisho, maana za mwanzo watu walizijua. Mambo yalikwenda vizuri. Vita vya kweli vilikuwa vichache kuliko vya mjomba, na watu walilalamika kidogo.

Kisha upanga ukaisha kufuliwa. Mzee akaufunga kwenye kitambaa, akatoka nje kwenye theluji. Msichana amepiga magoti. Ukumbi wote ukanigeukia na kutabasamu, maana kila mtu alijua mimi ni nani katika hadithi hii. Nami nilikaa wima.

Mzee akampita.

Akaenda mpaka kwa yule mnene, akamwekea upanga mapajani. Nilitaka kuirushia televisheni kiatu. Yaani tangu kipindi cha kwanza msichana anakatwakatwa, leo anapewa huyu? Pale nilikuwa na hasira ya kweli, ya kitoto, na machozi yalikuwa karibu. Halafu wakaonyesha mikono ya yule mnene. Ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Yalikuwa hapo siku zote, naamini, ila hakuna aliyekuwa akimtazama.

Mzee akaanza kusema, maneno marefu ya Kijapani. Watu wakamsubiri mjomba. Mjomba alikuwa amesimama na fimbo yake, hasemi kitu.

"Anasemaje?" mtu akauliza.

Mjomba akakohoa. "Anasema, macho yangu hayaoni vizuri tena." Akaishusha fimbo. "Anasema, upanga nimeufua mimi, lakini moto haukuwa wangu. Moto ulikuwa wa huyu."

Sijui kama mzee alisema hivyo. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyebisha. Ni mzee mmoja tu wa kikao, kutoka benchi la mbele, aliyeuliza, "Na mtoto wa dada je?"

"Mtoto wa dada yupo hapa ndani," mjomba akasema. "Muulizeni."

Hakunitazama. Mama naye hakunitazama, alikuwa anakunja pindo la kanga yake na kulikunjua. Nilimchukia mjomba kwa muda mfupi sana. Shamba lile nililipenda, sitaki kudanganya, nililipenda jinsi mtu anavyopenda kutajwa jina mahali asipokuwepo. Iliniuma. Nikainuka, nikapita kati ya magoti ya watu, nikatoka nje.

Binamu alikuwa amechuchumaa karibu na jenereta, kitambaa mkononi. Nilimwambia. Jenereta ilikuwa inanguruma, akaonyesha sikio. Nikarudia kwa kupaza sauti, akatikisa kichwa kwamba bado hasikii. Basi akainama, akaizima ili anisikie. Ndani picha ikapotea na kijiji kizima kikapiga kelele.

"Panda michungwa," nikasema.

Alinitazama. "Shangazi amesemaje?"

Mama alikuwa amenifuata mpaka mlangoni. Yeye ndiye mkubwa wa tumbo lao, akishakubali yeye, wazee wangekaa baadaye tu kuitikia. "Panda, mwanangu," akasema. "Na mteremko wote."

Ndani walikuwa wanagonga mabenchi, wanataka kumaliza katuni yao. Binamu akashika kamba ya jenereta, akavuta, haikuwaka. Akavuta tena, haikuwaka. Akainama, akajipangusa uso kwa kile kitambaa, na mimi na mama tulijifanya tunakagua mafuta.