Mgeni wa Wodi Nzima

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye lango la hospitali moja ya Thika, nyuma ya nesi aliyevaa sare. Askari wa lango aliigeuza kadi yake ya kazi mara mbili, akatikisa kichwa.

"Pole sista, kandarasi yako iliisha jana. Leo utaingia kama mgeni."

Nesi akaguna, akachukua kalamu. Kwenye kitabu cha wageni, palipoulizwa amekuja kumwona nani, akaandika: "Wodi nzima ya akina mama."

"Haya huwa yanatokea?" nikamuuliza.

"Kila miezi mitatu. Huu mwaka wa tisa."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe walimpa zamani. Kilichobaki ni kuambiwa karibu.